Cheti Bila Randa

Machimbo ya dhahabu ya Chunya yalipofifia, mimi na kaka yangu tulirudi Mbeya mikono mitupu. Kaka akaenda kujifunza kwa fundi cherehani, mzee wa pwani mwenye kibaraza karibu na soko. Mimi nikapata nafasi Iringa, kwenye mafunzo ya useremala ya serikali. Nilimcheka sana. Yeye alifagia nyuzi na kupuliza pasi ya mkaa, mimi nachora meza kwa penseli na kula nyama kila Jumapili.

Nilikuwa na mchumba Mbeya. Baba yake alikwisha kuniambia kwa upole, "Nikikuona na kazi, mwanangu, leta washenga."

Mafunzo yalipokwisha tulipewa vyeti, tukapigwa picha. Randa, misumeno na patasi vikafungiwa stoo, maana vilikuwa vya serikali. Nikapanda lori na karatasi yangu.

Nilimkuta kaka ameshapewa ruhusa ya kujitegemea katika ufundi. Kwa mafundi wale wa pwani, mwanafunzi akiiva hupikwa wali, husomwa dua, kisha mwalimu wake humkabidhi chombo cha kazi mbele ya mafundi wenzake. Kaka, Mlutheri mzima, aliinua mikono kwenye dua kama wengine, akapewa mkasi. Alichojua ni kaptula na kanzu tu, lakini soko zima lilimwita fundi.

Mimi nilimwendea seremala wa pale pale sokoni na cheti changu. Hakukitazama.

"Nani kakuruhusu?"

"Serikali, mzee."

"Basi ije yenyewe iseme." Alicheka, wala si kwa ubaya. "Shika ufagio kwanza, bwana mdogo. Tutaona."

Nikashika. Watu huniuliza kama niliona uchungu. Sikuona kitu. Nilijua kuunga droo bila msumari hata mmoja, na nilikuwa nafagia maranda ya mtu mwingine. Jioni nilikula, nikalala.

Baba wa mchumba wangu, mzee wa watu, alisubiri mpaka akachoka. Binti akaposwa na karani mmoja wa Tukuyu, na karani akaleta kitambaa cha koti la harusi kwa kaka. Kaka aliniuliza kama akikatae. Nikamwambia kazi ni kazi, ashone.

Koti lilipokuwa tayari, kaka alikuwa na wateja, nikalipeleka mimi. Bwana harusi alilivaa, akajigeuza, akasema linabana kwapani. Akaniuliza kama na mimi ni fundi, nilipanue pale pale.

Nikamwambia hapana, fundi ni kaka yangu.