Daftari la Kocha Chokaa

Saa moja kasoro robo asubuhi, nyasi zingali na umande, na fundi rangi ameinama uwanjani na kopo la chokaa, akichora mstari wa pembeni. Mstari unapinda. Ananyanyuka, anautazama, anaguna kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Kuta za watu nazinyoosha," anasema. "Nyasi hizi zimenishinda."

Siku sita za wiki hupaka rangi nyumba. Ya saba ni ya wasichana ishirini na watatu wa chini ya miaka kumi na mitano, wanaomwita Kocha Chokaa mbele ya uso wake, naye huitika. Mipira wanayo tisa. Inayoshika upepo ni minne.

Leo ni mechi ya tatu, na ya mwisho, ya majaribio kabla ya msimu. Amewagawa timu mbili. Jioni lazima apeleke orodha ya wachezaji kumi na wanane, asizidi hata mmoja. Watano watabaki nje.

"Usiniulize nani kafunga," anasema akifungua daftari lenye madoa ya rangi. "Goli hata la bahati lipo. Mimi namtazama mtoto akishapoteza mpira. Analalamika? Anashika kiuno? Au anaufukuza?"

Anayeufukuza huandikiwa kijistari. Baada ya mechi tatu vinajumlishwa, watano wa chini wanaachwa. Hapo, anasema, hakuna cha mtoto wa jirani wala mpwa wa nani.

Ana sababu zake. Akiwa na miaka kumi na minne alisoma orodha iliyobandikwa ukutani, akairudia kuanzia chini. Jina lake halikuwamo, na hakuna aliyemwambia kwa nini. "Niliumia sana," anasema. "Mpaka leo nikikuta ukuta wenye gundi ya karatasi iliyobanduliwa, naikumbuka siku ile." Ndiyo maana yeye habandiki kitu. Humwita kila mchezaji kwenye mlingoti wa goli, wakaambiana ana kwa ana.

Filimbi inalia. Pembeni, mkewe, mwalimu wa chekechea, anashika saa.

Mechi ikikaribia kwisha, kocha anajumlisha. Mkiani kabisa yupo kizibao namba kumi na nne, kiungo mpole ambaye wenzake humwita Kimya. Vijistari viwili kwa mechi tatu. Wenzake wana kumi, wengine kumi na tano.

"Huyu ananiuma," anamnong'oneza mkewe. "Ana nidhamu, lakini daftari halina huruma."

"Baba watoto, hebu ngoja. Huyu mpira anaupoteza saa ngapi?"

"Unasemaje?"

"Nimekaa hapa mechi zote tatu. Wakimfikia, keshautoa. Mtu hajapoteza kitu, akimbizane na nini?"

Kocha anageukia uwanja. Anamkazia macho Kimya. Binti anapokea, anatupa jicho mara moja, anatoa. Anapokea, anatoa. Pasi kumi na moja, zote miguuni mwa wenzake. Mpira ameupoteza mara mbili tu tangu mechi ya kwanza, na mara zote mbili aliufukuza.

"Akili ni nywele," kocha anasema, akivua kofia. Kichwa chake ni upara mtupu. "Na mimi unaziona zangu."

Anachora safu mpya ya pasi zilizofika, kisha anaongeza dakika ishirini ili kila mmoja ahesabiwe upya. Anawaambia saa ilisimama. Mkewe, mwenye saa, anakohoa.

Hesabu mpya inampandisha Kimya hadi nafasi ya sita. Inamshusha pia beki mmoja mrefu hadi ya kumi na tisa, na huyo ndiye wa kwanza kuitwa mlingotini. Wanazungumza kwa muda. Beki analia, kocha naye anapangusa macho kwa mkono wenye chokaa, yakazidi kumwasha.

Kimya hangoji kuitwa. Anakuja na kizibao amekikunja mara nne.

"Nimekirudisha, kocha. Najua niko chini."

"Nani kakwambia?"

"Wenzangu wana vijistari vingi."

Kocha anamwonyesha safu mpya. "Kosa lilikuwa langu, mwanangu, si lako. Kivae."

Binti anakivaa polepole. Anageuka kumtazama beki. "Na yeye?"

"Wiki ijayo mnakuja wote ishirini na watatu, kama kawaida. Mwakani nataka timu mbili, nisimwache mtu. Nimeshaanza kuomba mipira kwa kila ninayempakia nyumba yake rangi."

Kimya anafikiri kidogo. "Basi wiki ijayo nitawahi, mimi na yeye, tukuchoree uwanja."

"Kwani mimi nimeshindwa?"

"Kocha," anasema Kimya, kwa sauti inayofika hadi kwa mwenye saa, "mstari wako umepinda."