Jina la Bonde Moja

Mchungaji aliposoma tangazo la ndoa yetu kwa mara ya kwanza, kanisa zima lilicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Ilikuwa Ijumaa, na huku Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, kwa hiyo watu walikuwa wametoka zamu za wiki nzima na walihitaji kitu cha kuwachangamsha. Akasoma majina yangu, akasoma majina ya mchumba wangu, na yote yakaishia kwa jina lilelile la Kiingereza. Sitaliandika hapa. Watu wenye jina hilo ni wachache mno, na nikiliandika nitakuwa nimetaja familia nzima.

Kama lingekuwa mojawapo ya yale majina ya Kizungu ambayo kila darasa lina watoto watano wanaoitwa hivyo, hakuna ambaye angegeuza shingo. Lakini hilo hakuna aliyewahi kulisikia popote, isipokuwa kwangu na kwa huyu msichana ninayetaka kumwoa.

Kicheko kilipotulia, mama mmoja wa kwaya akasimama. Ni Mkenya wa Magharibi kama mimi, analea watoto katika nyumba moja ya Wakatari, na hapendi kuacha jambo lipite.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Hawa wawili wameulizwa ukoo wao? Mimi naona jina moja. Kwetu watu wa jina moja hawaoani, hata wakikutana mwezini."

"Dada, ni jina la Kizungu tu," mchungaji akajibu.

"Wazungu nao wana koo. Halikuanguka juu ya vichwa vyao hivi hivi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mchungaji ni Mganda, na anajua kwamba kwetu, kuzunguka Mlima Elgon, kwa upande wetu wa Kenya na kwa upande wa Uganda anakotoka mchumba wangu, kuoa mtu wa ukoo wako ni mwiko usiofutwa na maombi. Akakunja karatasi yake. Alisema tangazo la pili halitasomwa mpaka wazee wa pande zote mbili watoe neno. Tulikuwa tumefanikiwa kupata likizo ya mwezi mmoja pamoja, jambo ambalo kwa mtu wa hoteli na mtu wa mkahawa ni kama muujiza, na tulipanga kufunga ndoa nyumbani mwezi huo. Sasa yote yalitegemea jibu la swali moja: je, sisi ni ndugu?

Tulipojuana mwaka uliotangulia, jina hilo ndilo lililotukutanisha. Alisikia nikiitwa baada ya ibada, akaja akasimama mbele yangu. "Wewe bwana, umeiba jina langu," akasema. Nikamwambia nimelitumia miaka mingi kuliko yeye, kwa hiyo mwizi ni yeye. Tulicheka, na tangu siku ile hatukulifikiria tena. Hata mimi, ambaye tangu shule ya msingi nasumbua watu kwa maswali, sikuuliza. Nadhani nilikuwa na furaha, na furaha inalaza maswali.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba jina letu lilitoka wapi. "Ni la shule," akasema, na akaendelea kufunga kamba za viatu. Sikumwamini. Nilipofika chuo kikuu nikajitungia nadharia yangu: kulikuwa na mlowezi, kulikuwa na shamba, na bibi wa bibi yangu alifanyiwa jambo ambalo familia iliamua kulifunika kwa neno hilo, shule. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha bafu la bweni nikitafuta pua ya mlowezi huyo. Pua yangu ni pana kama ya baba, lakini nadharia haikufa kwa sababu ya pua tu. Sasa, baada ya tangazo lile, ilikuwa imerudi ikiwa na meno. Kama mlowezi huyo alikuwa na mashamba pande zote mbili za mlima, basi yule msichana na mimi tulikuwa damu moja.

Nyumbani Al Mansoura, katika chumba ninachokaa na dereva mmoja wa Unguja, habari ilifika kabla yangu.

"Shekhe," akanipokea, amelala chali kitandani, soksi bado miguuni, "nasikia wataka kumwoa dadako."

"Si dada yangu."

"Na akiwa binamu je, itakuwaje? Kwetu mtoto wa ami ndiye wa mwanzo kufikiriwa. Mnajuana, mama zenu wanajuana, hakuna wa kukutia gharama za kumpeleleza."

"Kwetu hata binamu wa mbali kabisa hapana."

"Binamu hapana, ukoo wa baba hapana, ukoo wa mama hapana," akahesabu kwa vidole. "Basi nyie mwamwoa nani? Malaika?"

Nikatupa mto, akaudaka na kuuweka chini ya kichwa chake, na sikuupata tena.

Nikaingia mtandaoni. Kuna ramani zinazoonyesha jina fulani linapatikana wapi Uingereza, zimepakwa rangi. Penye watu wengi wa jina hilo rangi inakolea. Majina mengine yanaijaza nchi yote. La kwetu lilikuwa doa moja dogo kwenye milima ya kaskazini, na vidoa viwili hafifu kwenye miji ya chini yake. Kwingine kote palikuwa peupe. Maelezo yalisema majina ya namna hiyo mara nyingi huanzia kwa familia moja, katika shamba moja, na kwamba wote wanaolibeba pengine wana babu mmoja.

Nilikuwa nimetafuta kitu cha kunituliza. Nilizima simu nikaiweka kifudifudi.

Nilimwambia mchumba wangu kuna vipimo vya vinasaba, unatema mate kwenye kichupa na kukituma Ulaya. 

"Mimi siwatumii Ulaya mate yangu," akasema. "Wameshachukua ya kutosha."

Lakini yeye ndiye aliyeleta mwanga. Anafanya kazi kwenye mkahawa wa keki kule The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari, na keki za kuagiza huandikwa kwenye sanduku jina la mwisho la mteja. Jumatano moja akanipigia akiwa amejifungia stoo. Alikuwa ananong'ona.

"Kuna sanduku hapa lina jina letu."

"Limeagizwa na nani?"

"Mzee. Mwingereza. Amekuja kumtembelea binti yake, keki ni ya mjukuu. Anakuja kuchukua kesho alasiri. Wewe si una mapumziko kesho?"

Mimi siamini sadfa za namna hii. Mtu akinisimulia, huwa namwuliza maswali mpaka anachoka. Ila nitasema kwamba Doha imejaa watu waliotoka kila pembe ya dunia, na wote wanakula keki.

Alasiri ile nilikaa meza ya nje, karibu na boti za matajiri zilizofungwa zikichezacheza majini. Mzee akaja, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa, na mchumba wangu akamkabidhi sanduku, kisha akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi. Mzee akaliangalia jina, akamwangalia yeye, akaliangalia tena. Mchumba wangu alipomwelekeza kwangu nami nikamwonyesha changu, akaweka sanduku mezani na kukaa bila kukaribishwa.

Tuliongea Kiingereza, hapa naandika nilivyoelewa. Alikuwa mwalimu mstaafu na, kama ilivyo kwa wastaafu wengi wa kwao, alikuwa ameitafuta historia ya ukoo wake kwa miaka. Jina lilikuwa la shamba kwanza, akasema, shamba la kondoo juu kabisa ya bonde, na watu wakaitwa kwa jina la mahali walipokaa. Kwa vizazi vingi hawakutoka. Kwenye makaburi ya kanisa la bonde lile, karibu nusu ya mawe yana jina hilo. Viwanda vya nguo vilipofunguliwa mijini, vijana wakashuka, na ndivyo vile vidoa viwili vya ramani. Wachache wakavuka bahari. Waliobaki wakapungua.

"Bibi yangu na babu yangu," akasema, "walikuwa na jina hilohilo kabla hawajaoana. Hakuna aliyeshtuka. Bonde lilikuwa dogo."

Nilimtazama mchumba wangu aliyesimama mlangoni na aproni yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Na Afrika?" nikauliza. "Kuna mwanamume wa jina hilo aliyewahi kuwa na shamba Afrika Mashariki?"

Akafikiri. Mwanamume hapana, alivyojua yeye. Kulikuwa na mwanamke, shangazi wa baba yake, aliyekwenda kufundisha shule ya misheni kwenye mlima fulani mpakani mwa nchi mbili, akahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na akarudi uzeeni na magoti mabovu. Mzee alimkumbuka tangu yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Alikuwa akimsemesha mbwa wake kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na mbwa alielewa. Alikuwa akisema amewaacha wavulana wake huko. Walikuwa wakifika shuleni na jina moja tu la ubatizo, na mitihani ilidai majina mawili, basi akawapa la kwake, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Niliona nadharia yangu ya miaka inayeyuka, na bado nikaishikilia ncha yake.

"Una hakika hakuzaa?"

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. "Kijana, alikaa miaka yote ile nyumba moja na walimu wengine wanawake, wote wacha Mungu kupindukia. Angenenepa kidogo tu, taarifa ingefika Uingereza kabla ya meli."

Aliondoka na keki yake. Alitushika mikono wote wawili, akasema amefurahi kwamba jina halijaisha.

Basi hapakuwa na mlowezi. Nilipumua. Lakini akili yangu haijui kupumzika, na kabla teksi haijafika Al Mansoura ilikuwa imeshapata tundu jingine. Jina halikuwa na damu ndani yake, sawa. Ila wavulana waliopewa jina hilo walikuwa watoto wa mlima mmoja. Koo zetu zimevuka mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa. Babu yangu na babu yake wangeweza kuwa ndugu hata kama mwalimu angewaita majina tofauti kabisa. Mama wa kwaya alikuwa ameuliza swali sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Ijumaa baada ya ibada tuliketi kwenye mkahawa mdogo wa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, simu mbili zimeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Kwenye moja alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwetu ndiye anayeulizwa mambo ya ndoa. Kwenye nyingine alikuwa mama yake mchumba wangu. Tuliwaambia tuliyoyasikia kwa mzee.

"Huyo mwalimu namjua kwa kusimuliwa," shangazi akasema. "Baba yangu alifika kwake akiwa ameshatahiriwa, kijana mkubwa, anajulikana ni mwana wa nani. Jina alilivaa kama sare."

"Mbona hamkunieleza?" nikauliza.

"Baba yako alikueleza. Ukataka kitu kikubwa zaidi." Kisha akanisahau. "Mama, hebu tuongee sisi."

Lugha zao ni kama dada wawili waliolelewa nyumba tofauti, kwa hiyo walielewana bila shida, na mimi nikabaki nafuata nusu nusu. Shangazi akataja ukoo wetu. Mama wa mchumba wangu akataja wa kwao. Si mmoja. Shangazi akataja ukoo wa mama yangu, naye akasema hapana, sisi siyo hao. Mchumba wangu alikuwa ameacha kuikoroga chai yake. Wakaja kwa akina bibi. Bibi wa mchumba wangu wa upande wa baba, hapana. Kisha mama akataja ukoo wa bibi mzaa mama wa mchumba wangu, na shangazi akanyamaza.

Niliona picha yake kwenye simu, shavu moja na dari ya bati. Nilidhani mtandao umekatika. Nilitaka uwe umekatika.

"Sema tena," shangazi akasema.

Mama akasema tena.

"Wale wa karibu na mto, au wale waliohamia juu?"

"Waliohamia juu."

"Ah." Shangazi akavuta pumzi. "Wale wa mtoni ndio mama zetu, huko ndiko alikotoka mama yangu. Wa juu waligombana nao zamani, wakatengana, wakachinja mnyama wa kukata udugu. Hao tunaoana nao. Hata binti wa jirani yangu ameolewa huko, na ana watoto wanene."

Mchumba wangu akaegemea kiti akafumba macho. Mimi nilikuwa na maswali: mnyama gani, alichinjwa wapi, nani alishuhudia, na kwa nini kuchinja kuweze kukata kitu ambacho kipimo cha mate hakikati. Kwa mara ya kwanza maishani niliyaacha yakae yalipo. Nilikuwa na njaa ya ghafla, kama mtu aliyetoka kwenye chumba cha daktari na kuambiwa avae shati lake aende.

"Nitampigia mchungaji mimi mwenyewe," shangazi akasema. "Nyinyi nendeni mkale. Mama, huko kwenu mnapokea wageni wangapi? Maana sisi tuko wengi."

Wakaendelea wao wawili, tukiwa tumesahauliwa kabisa. Niliagiza chapati na mayai. Mchumba wangu alikula yake yote, kisha akaanza yangu.

"Unajua nimefikiria nini?" akasema, mdomo umejaa. "Wenzangu wakishaolewa wanapanga foleni kubadilisha pasipoti. Mimi nakuja kwenye ndoa na jina lako likiwa tayari limeandikwa."

"Jina langu au lako?"

"La yule bibi mwalimu," akasema, akachukua kipande cha mwisho.