Gari Lililopakwa Tope

Kabla sijamwona Tata Wairimu jioni ile, nilisikia kitu kikichakarika. Chaka, chaka, chaka, kama maharagwe makavu ndani ya kopo, sauti ikipanda kijia cha kwetu Kabiria, ikifuata ua wa kayaba, ikitulia penye bomba ili mwenyewe asalimie majirani, kisha ikianza tena. Nilikuwa jikoni nikichambua mchele, nikadhani ametuletea njugu. Alipoingia, kwapani alikuwa na katoni refu kama droo, limechanika pembe moja, na juu yake kulikuwa na picha ya gari la mashindano, jekundu, bapa kama chura, magurudumu yote manne yamejitokeza nje. Gari lenyewe lilikuwa humo ndani, vipande kwa mamia, vyote vya plastiki nyeupe, vikingoja mtu wa kuviunganisha.

Tata alikuwa dada mdogo wa baba yangu, na sote tuliishi katika ploti ya Shosho, mama yao. Aliuza kalamu na daftari katika duka moja katikati ya jiji, na gari hilo lilikuwa limekaa kwenye dirisha la duka hadi jua likalifubaza katoni na karatasi ya maelekezo ikapotea. Mwenye duka alimwambia alibebe tu. Ilikuwa likizo ya Agosti, ile baridi ya Nairobi inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mwisho wa likizo hiyo Tata angeolewa kwa ngurario, harusi yetu ya kimila, aende kwa mumewe. Mimi sikuwa na dada wala kaka. Tata ndiye aliyekuwa dada, kaka na sinema.

Tuliitwaa meza ya sebuleni. Vipande tulivikata kwa kikatia kucha, tukavilainisha kwa tupa ya kucha, na nyaya za injini tukazitengeneza kwa uzi mweusi wa kushonea. Mikanda ya dereva tuliikata kutoka kwenye bitana ya koti kuukuu la baba, na bizimu zake zikawa karatasi ya fedha ya chingamu. Mimi nilitaka gari likimbie siku hiyo hiyo. Tata aliponiona nikibonyeza gundi mbichi alinishika kidole na kuniambia kawia ufike, nami nikacheka, kwa kuwa ni methali ya ajabu kumwambia mtu anayeunda gari la mashindano.

Rangi ilitoka kwa mchumba wake, Njoroge, aliyepuliza magari rangi katika gereji karibu na Adams Arcade. Wengine hupelekewa maua; Tata aliletewa rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo, na chupa ya thina ya kuipunguza na kunawia vidole. Rangi hiyo ilikuwa kali mno kwa plastiki. Bawa la nyuma lilikunjamana kama chapati iliyoungua, tukakubaliana kwamba limepata ajali. Nyumba nzima ikanuka thina, hata uji. Shosho alilalamika kila siku kwamba bibi harusi ananuka kama lori.

Gari lilipong'aa, Tata alilitazama muda mrefu, akasema lina kasoro. Magari ya mashindano tuliyowahi kuyaona ni yale ya mbio za safari, yanayorudi jijini yakiwa na udongo hadi kwenye paa. Basi nikatumwa nyuma ya choo kuchota udongo mwekundu. Tuliuchuja kwa kichujio cha chai, tukaukoroga na gundi, tukaurushia mbavu za gari kwa mswaki. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Usiku nilisali sala moja tu. Siku ya ngurario, bibi harusi na wanawake wenzake hufunikwa kwa leso gubigubi, kichwa hadi kidole cha mguu, na bwana harusi humtafuta wake. Shosho, ambaye hakuwa amemwamini sana Njoroge, alitangaza kwamba asiyemjua mkewe ndani ya leso hamjui hata nje. Nikaelewa kwamba Njoroge akikosea, Tata atabaki. Nikamwomba Mungu amfanye akosee.

Siku ikafika. Asubuhi hiyo tulikuwa bado tunagusagusa rangi, na Tata alinawa thina huku akiitwa avae. Walipopangwa uani walikuwa sita, wamejikunja ili urefu usiwasaliti. Njoroge akapita mara ya kwanza, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Akasimama mbele ya binamu wa Tata, mkono ukainuka. Moyo wangu ukaruka.

"Kijana, hii si mtumba, usipekue," sauti ya mama mmoja ikatoka ndani ya leso, na ua wote ukacheka.

Njoroge naye akacheka, akavuta pumzi. Kisha akageuka polepole, pua mbele, akapita wawili, akasimama.

"Ni huyu," akasema. "Hakuna mwingine hapa aliyenawa na thina yangu."

Leso ilipofunuliwa Tata alikuwa anacheka hadi machozi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku hiyo hayakufichika hata puani. Nilikuwa nimeshindwa, lakini nilishtuka kujisikia nikipiga vigelegele kwa nguvu kuliko watu wote. Baadaye Njoroge aliletwa kuona gari, akaniambia kwa upole kwamba gari la aina hiyo hukimbia kwenye lami tupu, halijui tope.

"Sasa limejua," Tata akamjibu.

Leo naishi katika ghorofa Muthangari. Rangi halali ya plastiki huletwa hadi langoni, na kwenye simu kuna watu wa kunionyesha kila kipande kinapokaa. Nimeunda magari mawili, safi, mabawa yamenyooka. Ni mazuri, nami hufurahi nayo. Lakini niliyaunda kimya, na hakuna uji ulionuka.

Jioni ile ya ngurario, wageni wakiita kutoka nje, Tata alirudi sebuleni peke yake. Nilimsukumia gari alichukue. Akalirudisha mbele yangu, akaniwekea viganjani vioo viwili vidogo vya pembeni, ambavyo hatukuwahi kuvibandika.

"Hivi utaweka wewe," akasema. "Gundi kidogo, halafu ungoje."

Akakusanya gauni lake lisikwame kwenye fremu, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.