Mhandisi wa Kaunta

Duka lilikuwa la hatua nne kwa tatu, na mwenye nalo hakuacha hata shubiri moja ikae bure. Wateja walimwita Mhandisi, naye aliitika kwa kichwa juu, maana hakuna kitu mle kilichokaa mahali pake kwa bahati. Pipi zilikuwa kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka minne. Soda zilipewa mlango, ndani ya friji yenye taa. Biskuti za krimu zilijazana kaunta, pale pale mtu anapoegemeza kiwiko akisubiri chenji. Na mchicha, matango na ndizi? Nyuma kabisa, chini, kati ya mifagio na dumu la mafuta ya taa, ambako mteja alihitaji nia ya dhati na mgongo mzima kuvifikia.

“Watu wa mtaa huu hawapendi mboga,” alikuwa akisema kila alipotupa mchicha ulionyauka. Alisikitika kweli, maskini, kana kwamba mchicha ulikwenda kujificha wenyewe.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alikuwa na kisukari, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Daktari hakuuma maneno: sukari isiposhuka ndani ya miezi mitatu, kidole kitakatwa, na huenda mguu ukafuata. Mhandisi alilia njia nzima ya kurudi, kisha akajifunga kibwebwe. Sukari akaifungia kabatini. Chakula cha mzee akakipima kwa kikombe. Na mchana akamkalisha dukani, kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, amsaidie kuuza huku akimchunga kwa macho yake mwenyewe.

Wiki sita zikapita. Sukari ikapanda.

Mhandisi aliona wazi kwamba kuna mtu anamhujumu, na hakumtafuta mbali. Wifi yake alikuwa akija kila Jumapili na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

“Wifi, mguu wa kaka yako unauchezea,” alimvaa mlangoni, hata salamu hakuna.

“Mimi? Nimemletea matango!”

“Matango gani hayo yanafunikwa kama bibi harusi?”

Wifi akageuza na kikapu chake, akasusa kabisa. Mzee alikuwa kitini, anakagua dari kwa makini kama aliyeajiriwa kuipaka rangi.

Siku ya kliniki, muuguzi alimwomba mzee avue koti apimwe presha. Koti lilipoinuliwa, karatasi za biskuti zikamwagika sakafuni, kumi na ushei, na makombo juu. Mhandisi aliruka, akaokota moja ampatie muuguzi ushahidi dhidi ya wifi. Ndipo akaiona bei, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na ile saba yenye mkia ilikuwa ya mkono wake.

“Mume wangu,” alisema polepole, “hizi si za dukani kwetu?”

“Mama watoto, wallahi sikuwa na nia. Naegemea tu kaunta, nikija kushtuka nimeshafungua. Ulivyozipanga zile, hata malaika angekula.”

Muuguzi aligeuka ukutani kuficha kicheko. Mhandisi hakucheka. Masikio yalimwaka kwa aibu, na nyuma ya aibu ilikuwapo hofu. Kidonda alichokuwa akikisafisha kila asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa akikilisha mchana kutwa.

Jioni ile alianza kwa kwenda kumwangukia wifi, kisha akaipindua kaunta. Upande wa mzee akaweka ndizi, karanga na matango. Biskuti akazisukuma mbali, zisifikiwe na mkono wa mzee, lakini ziwe chini ya pua za wateja. Biashara ni biashara.

Kabla miezi mitatu haijatimia, kidonda kilikuwa kimefunga, na daktari akasema kidole kimenusurika kisu. Mhandisi aliitangaza habari hiyo kwa kila aliyekuja kununua hata kiberiti. Siku moja alimsimulia fundi cherehani wa jirani, ambaye mumewe naye alikuwa ameambiwa wiki ile ile kwamba ana kisukari.

“Shoga, ulimpa dawa gani?” fundi aliuliza, ameegemea kaunta.

“Dawa wapi! Nilimwondolea vitamu mkononi, nikamsogezea ndizi. Basi. Mtu anakula kilicho karibu.”

Fundi alizitazama ndizi ng’ambo ya kaunta, ambako mkono wake haukufika. Akatazama biskuti zilizokizunguka kiwiko chake, kisha mkoba wake, ambamo tayari zilikuwamo paketi nne za kumpelekea mgonjwa. Akazitoa moja moja, akazirudisha.

“Na sisi je,” aliuliza taratibu, bila ugomvi, “utatusogezea lini?”

Mhandisi alizichukua zile paketi nne azirudishe mahali pake. Akabaki amezishika mkononi, hajui aziweke wapi.