Wembe wa Mganga na Maziwa ya Mama Rhobi

Harufu ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto ikinijia, namwona Mama Rhobi akiingia uani kwetu Itiryo na maziwa mgando. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na mtu ambaye zamani uliona moshi wake tu kilimani, sasa ulisikia kikohozi chake ukiwa kitandani. Serikali ilitaka tulime pamoja. Haikuuliza kama tunaaminiana, na kwa kweli hatukuaminiana hata kidogo. Mama alimwambia jirani huyo kwa adabu zote, "Onja kwanza, Mama Rhobi, na sisi tuone." Naye alionja, akajifuta mdomo, akatukabidhi kibuyu.

Msimu mmoja wa palizi, macho ya Baba yaligeuka njano. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, chakula kikamchukiza, na mtu aliyezoea kushika plau tangu alfajiri akawa wa kulala kwenye ngozi mchana kutwa. Zahanati ilikuwa mbali, na isitoshe Mama alikuwa na jawabu lake: maziwa ya Mama Rhobi yametiwa sumu. Anayeonja, alisema, huenda amekwisha kumeza kinga nyumbani kwake. Mimi niliyempenda binti yake, Rhobi, kuliko hata dada zangu niliamini pia, nikaanza kumchunguza mikono tulipocheza, nisije nikapewa sumu.

Mganga akaitwa kutukinga. Kwa desturi yake mwenye mji huchanjwa kwanza, kisha mke, kisha watoto kwa kufuatana, wote kwa wembe mmoja, maana kinga ikigawanywa kwa nyembe tofauti hupoteza nguvu. Alimchanja Baba kifuani, damu ikatoka, akaufuta wembe kwa jani, akamgeukia Mama. Mimi kitinda mimba nilifikiwa mwisho. Niliiona damu iliyoganda pembeni mwa wembe, lakini hofu yangu yote ilikuwa mlangoni, Mama Rhobi asije akachungulia.

Baba alipata nafuu, mganga akasifiwa. Mama Rhobi alikwepwa hata kisimani, mwishowe akamchukua binti yake wakahamia kwa kaka yake huko Morotonga. Miaka mingi baadaye tumbo la Baba lilivimba, akafa, na jina la mama yule likatajwa tena matangani.

Mwaka jana, nikiwa nimeolewa Issenye, nilipimwa damu nikaambiwa nina homa ya ini aina ya B, na kwamba huenda kirusi kimekaa nami tangu utotoni. Daktari aliuliza habari za wembe. Za maziwa hakuuliza. Hakuweza kuapa kwamba ni wembe ule, ila alinihakikishia kuwa kirusi hiki hakiambukizwi kwa kuchangia chakula wala kikombe. Niliwahimiza ndugu zangu wakapime, wanangu wakapata chanjo. Majirani nao niliwaeleza, nikidhani nawasaidia. Siku hizi nikinywa chai kwao, kikombe changu huwekwa kando. Inaniuma sana.

Rhobi alisikia, akaja kunitazama. Mama yake alishafariki. Zahanati sasa ipo jirani, na dawa nameza kila siku, lakini nilipommiminia maziwa nilijikuta nainua kikombe nionje kwanza, asije akanishuku. Akanishika mkono.

"Acha," alisema. "Mama yangu alionja ya kutosha."

Akakichukua, akanywa mpaka chini, kisha akanirudishia kikombe kile kile nijimiminie.