Shard, Sherd na Unyayo wa Mshenga

Nakumbuka Jumamosi moja ya Juni, baridi ya Ufipa ikiuma masikio, nilikuwa napanga glasi kwenye sinia nyumbani kwetu Kaengesa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu, na mshenga wa kijana niliyempenda alikuwa njiani kuleta posa. Rafiki yangu Teddy, mwalimu wa Kiingereza kama mimi, akaingia na mtungi wa udongo wenye maji, akateleza. Mtungi ukaangukia sinia. Mtungi na glasi, hakuna kilichopona.

"Ona shard hizo!" nikalalamika, nikionyesha vipande.

"Za mtungi ni sherd, mwenzangu," akanijibu, angali amekaa sakafuni.

Mwanangu, elimu mpya ni kama kiatu kipya: mwenyewe hutembea akitaka kisikike. Tukashika ufagio mmoja tukibishana, huyu huku na yule kule, hakuna anayefagia. Kumbe mshenga alikwisha kupiga hodi, hakuitikiwa, akavua viatu kwa heshima na kuingia.

"Mama yangu wee!" akapiga kelele, mguu juu ya kipande cha kioo.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile tuligawana: sisi ulimi, yeye mguu.

Mama mkubwa akatoka jikoni mbio. "Nini kimemchoma?"

"Shard!" "Sherd!" tukajibu kwa pamoja, mimi na Teddy.

"Na bado mnaendelea? Leteni huo ufagio, walimu!"

Mshenga, akitolewa kioo unyayoni, akanong'ona, "Wenzangu niwaambie nini? Kwamba huku wageni hutandikiwa chupa?" Akaondoka akichechemea, posa ikiwa bado mfukoni.

Wiki zikapita, kimya. Mama mkubwa akaacha hata kunitania, nami nikajua mambo yameharibika. Ndipo nikamwandikia mshenga barua:

"Shikamoo, baba. Nimetazama kamusi. Sherd ni kipande cha chombo cha udongo. Shard ni kipande chenye ncha, cha kioo au kinginecho. Kwa hiyo kilichokuchoma kilikuwa shard. Lakini ufagio ulikuwa mkononi mwangu, na sikufagia. Nisamehe, baba. Rudi, sakafu ni safi."

Alirudi, akiwa amevaa mabuti ya shambani, na hakuyavua mpaka posa ilipopokelewa.

Mwanangu, kujua jina la kitu ni jambo jema, na mimi nimekula mkate wake maisha yangu yote. Ila kilichovunjika kiondoe kwanza kwenye njia ya watu, ndipo ukipe jina. Mungu akujalie elimu nyingi, na mgongo usioona haya kuinama.