Mashine ya Bani la Mzee Raymundi

Ukimwona Josepha kwa mara ya kwanza, jicho linakwenda kwenye kidole gumba chake. Kinatembea juu ya vidole vingine vya mkono uleule, pingili tatu na ncha, pingili tatu na ncha, hadi kumi na sita, kisha kinaanza upya. Mtindo huo aliuchukua kwa Mzee Jaffer, mwenye duka la kutengeneza redio mjini Tabora, ambaye huhesabia uradi. Josepha huhesabia namba za kompyuta, maana zile huenda kwa kumi na sita.

Kwao ni kijiji cha ujamaa karibu na Urambo. Alikua akimwona baba yake, Mzee Raymundi, akilinda moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Joto likipanda, mzee hubana tundu la hewa la tanuri; likishuka, hulifungua. Josepha aliporudi kutoka masomoni Ulaya, alimtengenezea mashine ya kazi hiyo: kipimajoto, mota, betri ya gari, na chipu ya Z80 ya kuviamuru. Msimu mzima mzee alisinzia ameegemea ukuta wa bani, kwa raha zake.

Mvua za mwaka 1983 zilikuja na radi, chipu ikaungua. Mpwa wa Mzee Jaffer akatuma kibao kipya cha kompyuta kutoka Uingereza, lakini chipu yake ilikuwa ya ukoo mwingine, 6502. Josepha akayahamisha maagizo yote, moja baada ya jingine. Dukani kwa Mzee Jaffer walitumbukiza kipimajoto katika chai ya moto, mota ikazunguka, wakapongezana. Kaka yake, Tobias, akaipeleka kwa treni.

Asubuhi iliyofuata wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mji. Tobias alipiga simu kutoka stesheni ya Urambo.

"Mashine yako mvivu, dada. Tundu limejifunga, moto unasinzia. Baba anajaza kuni tu."

"Labda kuni zina maji."

"Labda na mashine ina maji. Haya, mimi nakwenda Kaliua."

Mzee Jaffer alikuwa akimsikiliza. "Hivi, binti, hizo koo mbili zinatofautiana nini?"

"Ile ya kwanza ni kama tembe, mzee. Vyumba vingi vya kuwekea namba. Hii ina chumba kimoja, vitu vingine vyote viko uani."

"Kama kwa mkwe wangu."

Josepha akacheka. "Na kulinganisha. Ile ukiilinganishia namba mbili, inainua alama kama ya kwanza ni ndogo. Hii inainua kama ya kwanza ni kubwa, au zikiwa..."

Kidole gumba kikasimama.

Alikuwa ameandika: linganisha joto la bani na lile linalotakiwa; alama ikiinuka, fungua hewa. Kwenye chipu ya zamani hiyo ilikuwa na maana kwamba bani limepoa. Kwenye hii ilikuwa na maana kwamba limeshapata moto. Ile chai ilizungusha mota, naam, lakini hakuna aliyetazama inazunguka kuelekea wapi.

"Mzee, inafunga wakati wa baridi," alisema polepole. "Joto likifika itafungua tundu lote. Na tanuri limejaa kuni, bani litashika moto."

Mzee Jaffer alikuwa tayari amenyanyua simu, akampa. Stesheni ya Urambo alipokea Masolwa, karani wa tiketi; Josepha akamwulizia Tobias.

"Tobias ameshapanda treni, dada."

"Mtume mtu kwa baba, kaka yangu. Akate waya wa betri, azibe tundu kwa matope. Baba asikae pale ukutani."

"Ngollo, mpagazi wa hapa, ana baiskeli. Ila njia imejaa maji, na mvua inakuja tena."

"Aende."

"Anakwenda. Akirudi nitakupigia."

Josepha akavuta kiti mpaka kando ya simu. Mzee Jaffer akazima redio zote zilizokuwa zikijaribiwa mezani, duka likawa kimya. Nje, upande wa Urambo, anga ilikuwa nyeusi, na hakuna aliyeweza kusema kama ni wingu tupu. Kidole gumba hakikuhesabu tena. Mkono wote ulikuwa juu ya simu, ukingoja ilie.